Shuka Jeupe la Bwana Usicheke

Kitu cha kwanza Bwana Usicheke alichokitoa kwenye begi, baada ya saa tisa za kukaa ndani ya basi na kabla hata ya kuvua viatu, kilikuwa shuka jeupe. Alilikung'uta mbele ya dirisha la chumba cha hoteli, akalitazama upande huu na upande ule, kisha akatoa vibanio vinane vya nguo na kuvipanga mezani kwa mstari.

Mkewe alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, anajikanda miguu. Alilitambua. Lilikuwa shuka la studio, lile linaloning'inia nyuma ya vichwa vya watu asubuhi mpaka jioni.

"Na hilo nalo limekuja likizo?" aliuliza.

"Huwezi kujua utakuta ukuta wa namna gani huko mbele."

"Baba watoto, tumekuja kuona maporomoko ya maji."

"Sawa. Na nyuma ya mtu kutakuwa na nini? Majani? Mawe? Watu wanapita? Sasa mtu mwenye akili anasafiri bila shuka?"

Mama Kidevu alifumba macho, akahesabu mpaka kumi. Alipofika kumi hasira ilikuwa palepale, akaendelea mpaka ishirini.

Majina waliyopewa na wazazi wao yamebaki kwenye vitambulisho tu. Mji mzima unamwita mume Usicheke, kwa sababu ndilo neno linalomtoka kinywani kuliko salamu. Studio yao ni chumba kimoja mkabala na ofisi ya uhamiaji, jirani na fundi viatu. Mtu anaingia na haraka zake, anakalishwa kwenye stuli, anaambiwa: mabega chini, masikio yaonekane, tazama hapa, usicheke. Dakika kumi baadaye anatoka na picha nne. Miaka thelathini na moja, na hakuna hata picha moja ya Usicheke iliyowahi kurudishwa kutoka dirishani kwa karani wa uhamiaji. Jambo hilo alilisema kwenye harusi, kwenye vikao vya wazazi shuleni, na mara moja alimwambia daktari wa meno huku mdomo umejaa pamba.

Mke naye ndiye aliyewaweka watu sawa kwenye stuli. Alimwinua mtu kidevu kwa vidole viwili, akamgeuza kidogo, akamrudisha nywele nyuma ya masikio, kisha akasogea pembeni. Ndipo wakamwita Mama Kidevu, na jina likanata.

Safari ilikuwa zawadi ya binti yao mkubwa, muuguzi katika mji mwingine. Aliona mama yake amenyong'onyea tangu afiwe na dada yake, akalipia siku nne: basi, hoteli, na gari la kuwazungusha. Sharti lake lilikuwa moja. "Mpige picha, mama. Nyingi. Nitakuwa nauliza kila siku."

Mama Kidevu hakuhitaji kuhimizwa. Picha ndiyo iliyomtoa nyumbani.

Dada yake alikuwa mtu wa kucheka. Alicheka kwa mwili mzima, anakushika bega asije akaanguka, na wewe huna budi kucheka naye hata kama hujui kisa. Alipofariki, miezi saba iliyopita, walipekua nyumba nzima kutafuta picha ya kuweka mbele ya watu. Simu yake ilikuwa imejaa picha za wajukuu na za masufuria aliyoyatamani. Ya kwake mwenyewe ilipatikana moja, ndani ya pasipoti ambayo hakuwahi kuitumia. Wakaikuza mpaka ikaenea fremu. Ilikuwa kazi ya Usicheke mwenyewe, safi, haina kivuli, masikio yote mawili yapo. Rafiki wa marehemu, waliyeuza naye vitambaa meza moja kwa miaka ishirini, aliingia sebuleni, akaitazama ile picha, akaomba radhi na kutoka. Walimkuta barabarani anauliza nyumba ya msiba ni ipi.

Watu walilisimulia hilo baadaye, wakacheka kile kicheko cha msibani kinachokwenda pamoja na machozi. Mama Kidevu hakucheka. Tangu siku ile hakucheka kwa lolote. Alikwenda nyumbani, akafungua droo, akahesabu picha zake mwenyewe. Zilikuwa kumi na moja, zote kwenye stuli, zote mbele ya shuka, kwa sababu kila mumewe aliponunua taa mpya alimkalisha yeye kuijaribu. Mke wa mpiga picha, miaka thelathini na moja, na hana picha hata moja yenye meno. Alijiapiza kwamba siku yake ikifika, atakayeingia sebuleni asimsahau akaenda kuulizia barabarani. Alikuwa na miaka hamsini na tisa na afya njema, hana haraka ya kwenda popote, lakini haraka ya hiyo picha alikuwa nayo.

Sababu hiyo hakumwambia mumewe. Angeanzia wapi? Tena ndani ya habari ile kulikuwa na jambo jingine ambalo hata yeye mwenyewe alilikwepa, kama unavyovuka barabara ukimwona mtu usiyetaka kusalimiana naye. Alichosema kilikuwa hiki: "Nataka picha moja nzuri. Mimi nacheka, na maporomoko nyuma yangu."

"Hilo dogo," alijibu Usicheke.

Siku ya kwanza gari liliwapeleka kwenye mnara wa saa, mrefu, wa matofali mekundu, wenye njiwa juu yake. Kila mtu alisimama chini ya mnara akapigwa picha. Usicheke aliuzunguka mara mbili huku amekunja uso. Matofali yana mistari, alisema. Njiwa hawatulii. Kivuli kinakata shingo. Kisha macho yake yakaangaza, akamshika mkewe mkono na kumvusha barabara kwa hatua za mtu aliyeona ndugu yake.

Alimsimamisha kwenye ukuta mweupe, laini, uliopakwa rangi juzijuzi, mwanga umetulia juu yake kama maziwa kwenye bakuli.

"Hapo hapo. Usisogee."

"Baba watoto."

"Kidevu."

"Baba watoto, hiki ni choo."

"Nyuma ya kichwa chako hakitaonekana kuwa choo."

"Mnara je?"

"Mnara tumeuona, si tumeuona? Tazama hapa."

Mwanamume mmoja alitoka mlangoni akifunga mkanda, akawakuta, akarudi ndani. Mama Kidevu alitazama pale alipoambiwa atazame. Jioni hoteli nzima ilikuwa inaoneshana minara kwenye simu, naye alikuwa na sura yake na masikio yake. Alimwuliza mumewe, kwa upole aliouokota mbali, picha hii ina tofauti gani na zile kumi na moja za kwenye droo.

Usicheke aliitazama kwa muda mrefu. "Hii ni kali zaidi," alisema, na alikuwa amempa sifa kwa moyo wake wote.

Siku ya pili ilikuwa kilima cha kutazamia ziwa. Safari hii Mama Kidevu alijipanga. Alitangulia kushuka kwenye gari, akaenda moja kwa moja hadi kwenye ukingo ambapo ziwa lote linaonekana chini, akaweka mkono kiunoni. Alipogeuka, mumewe alikuwa anafunga shuka kati ya miti miwili.

"Toa hicho kitu."

"Dakika moja."

"Ziwa liko huku! Ziwa! Watu wametoka ng'ambo huko kuja kulitazama, wewe unalifungia pazia!"

"Ziwa linang'aa mno, mama. Utatoka mweusi tii kama umezimwa. Ukisimama huku, mbele ya shuka, unapata mwanga wa ziwa usoni bila ziwa lenyewe kutusumbua."

Na hilo, Mungu amsamehe, lilikuwa kweli. Usicheke hakuwa mjinga wa mwanga. Hapo ndipo palipomtia mkewe wazimu, maana mjinga ungemfundisha.

Kabla hawajamaliza kubishana, bwana mmoja mwenye shati la miraba alisogea, akalitazama shuka, akaitazama kamera, akauliza kama hapa wanapiga za kitambulisho, kwani yake imekwisha muda. Mama Kidevu alifungua mdomo kumweleza kwamba hapa ni kileleni mwa kilima, watu wako likizo. Hakuwahi. "Mabega chini," Usicheke alikuwa ameshasema. Nyuma ya bwana yule akasimama mkewe, nyuma ya mkewe kijana na mchumba wake, na nyuma yao dereva wa gari lao wenyewe. Watu watano walipigwa picha za kitambulisho asubuhi ile, bure, wakaandika namba zao ili watumiwe. Ziwa lilibaki limeona mgongo wa shuka. Na kibaya kuliko vyote, yule mchumba alipokaa vibaya, Usicheke alisema tu bila kugeuka, "Mama, kidevu," na mkono wa Mama Kidevu ukaenda wenyewe.

Alirudi kwenye gari akajibwaga kitini, mdomo ameuvuta mpaka ukamtangulia.

Humo ndani ya gari ndimo alimomkuta mama mmoja ambaye moyoni alimpa jina la Kofia Pana. Alikuwa mwalimu mstaafu wa jiografia, anasafiri peke yake, na kofia yake ilikuwa inachukua viti viwili. Alikuwa ameona yote kupitia dirishani. "Nipe simu yako, mwenzangu," alisema, kama anayemnyang'anya mwanafunzi daftari. "Mume mwachie shuka lake. Kesho nakupiga mimi."

Kofia Pana alikuwa na kanuni zake na hakusubiri kuombwa. Mtu asisimame katikati ya picha kama nguzo, asogee pembeni, aachie mahali nafasi napo paonekane. Mpige asubuhi au jioni, jua likiwa limelala, mchana jua linachonga macho mashimo. Jua liwe ubavuni, si mgongoni wala usoni. Sogea wewe kwa miguu yako, usikuze kwa vidole. Mwache mtu afanye jambo, ashike kitu, atembee. Na zaidi ya yote zungumza naye, usimwamrishe. Mama Kidevu alisikiliza kwa kiu ya mtu aliyekaa miaka thelathini na moja kwenye kazi ya picha bila kuambiwa hata moja ya haya. Usicheke, aliyekaa kiti cha nyuma, alisikiliza pia, na kila kanuni aliisindikiza kwa kukohoa.

"Ofisi gani inapokea picha ya mtu aliyesimama pembeni?" alinong'ona mwishoni.

"Hatupeleki ofisini!" wanawake wote wawili walisema.

Siku ya tatu Kofia Pana alimpiga picha ishirini na sita. Darajani, jua limelala ubavuni. Kwenye ngazi za mawe, ameshika nguo asiikanyage. Kando ya maua mekundu, pembeni kabisa ya picha, kama kanuni inavyotaka. Kofia Pana alizungumza naye muda wote, akamsimulia visa vya wanafunzi wake, vingine vya kuvunja mbavu. Mama Kidevu alijisikia yuko huru kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Alizituma zote kwa binti yake bila hata kuzitazama, akakaa kungoja sifa.

Jibu lilikuja wakati wa chakula cha mchana. "Mama, ni pazuri mno! Ila mbona umekasirika kila mahali? Baba amekufanya nini?"

Alizifungua. Alizipitia moja moja, halafu akarudia kutoka mwisho. Daraja lilikuwa zuri. Ngazi nzuri, maua mazuri, jua limelala panapostahili. Na pembeni mwa kila picha alisimama mwanamke yule yule wa kwenye droo. Mabega chini. Midomo imefungwa. Kidevu sawasawa, masikio yote mawili yanaonekana, macho yanatazama lenzi kama yanatazama karani. Picha ishirini na sita za pasipoti, zenye mandhari.

Usicheke alichungulia juu ya bega lake akiwa bado anatafuna. "Tazama kidevu hicho," alisema. "Safi kabisa. Hata yule mama na kofia yake hakuweza kukiharibu."

Mama Kidevu aliweka kijiko chini, akainuka, akapanda chumbani.

Alisimama mbele ya kioo cha bafuni na simu mkononi. Bila simu aliweza kutabasamu, ingawa kwa shida, kama mlango uliokaa bila kutiwa mafuta. Akainua simu. Papo hapo uso ulijifunga. Akashusha, ukalegea. Akainua, ukajifunga. Alifanya hivyo mpaka akataka kuitupa simu kwenye sinki. Siku tatu nzima alikuwa amemlaumu mume, shuka, choo na miti, kumbe ugonjwa anatembea nao.

Ndipo lile jambo alilokuwa analivukia barabara likamkuta uso kwa uso, humo bafuni, pasipo pa kukimbilia.

Picha ile ya pasipoti ya dada yake haikupatikana kwa mara ya kwanza. Aliingia studio siku ile na kicheko chake, akaona shemeji yake amekaza uso nyuma ya kamera, akaanza. Usicheke akabonyeza, picha ikaharibika. Ya pili akacheka. Ya tatu akacheka mpaka stuli ikayumba. Nje watu walikuwa wamepanga foleni mpaka kwa fundi viatu. Na aliyekwenda pale kwenye stuli hakuwa Usicheke. Ni yeye, Mama Kidevu. Alimshika dada yake kidevu kwa vidole viwili, akakibana kuliko ilivyohitajika, akasema, "Dada, acha utoto bwana, watu wanangoja. Usicheke." Dada yake akamtazama kidogo, kama mtu aliyeumizwa kidogo tu, akafunga mdomo. Hiyo ndiyo picha iliyotoka. Ule uso ambao rafiki yake hakuutambua, aliufinyanga yeye kwa mkono wake.

Aliketi ukingoni mwa bafu, akalia kwa hasira mpaka pua ikaziba.

Maporomoko yalikuwa siku ya nne, siku ya mwisho. Hakuna aliyekuwa amewaambia juu ya kelele. Maji yalishuka kwa ngurumo isiyokata, na kwenye jukwaa la kutazamia, lenye vyuma vya kushikia, mtu alilazimika kupiga kelele ili jirani yake asikie. Upepo ulirusha manyunyu kila upande. Watu walikuwa wengi, wamevaa makoti ya nailoni, wanapigana picha. Usicheke alikwenda kwenye vyuma, akatoa shuka, akaanza kulibana. Kibanio cha kwanza. Cha pili. Upepo ukalivuta, akalirudisha. Cha tatu.

"Acha!" Mama Kidevu alipaza sauti.

"Nini?"

"Nimesema acha! Yamenifika hapa!" Alijishika shingo. "Miaka yote hii, watu wote wa mji ule, umeshawahi kumwona hata mmoja? Umewaona vichwa! Unataka mimi nami nikifa wanibandike mbele ya shuka, watu waingie watoke hawanijui, kama dada?"

Mkono wa Usicheke ulisimama na kibanio hewani. "Kama dada yupi?"

"Dada yangu! Picha yake ya msibani! Ilimfukuza rafiki yake!"

Watu wa karibu walianza kugeuka. Kofia Pana, aliyekuwa hatua tatu kutoka hapo, alishikilia kofia yake kwa mikono miwili na kujifanya anatazama maji.

"Ile picha haikuwa na kosa!" alijibu Usicheke.

"Ndiyo! Haikuwa na kosa! Mimi ndiye nilimbana kidevu isiwe na kosa!" Sauti ilimkatika, akaivuta tena. "Alicheka mara tatu! Unakumbuka? Ulimpiga tatu anacheka! Ziko wapi?"

Usicheke alisema kitu, maji yakakimeza.

"Sisikii!"

"Nilizifuta!" alipiga kelele, na jukwaa zima likasikia. "Zilikuwa mbovu!"

Mama Kidevu hakushangaa. Alikuwa amejua. Siku zote alikuwa amejua, maana kila jioni alimwona mumewe akipitia kamera na kufuta zilizoharibika. Ila mtu hajui alivyokuwa anatumaini mpaka atakapojibiwa. Aligeukia maji, akayapa mgongo yote, mume, kamera na safari yenyewe. Alikuwa amechoka kabisa. Alitaka kwenda nyumbani.

Nyuma yake Usicheke alikitia mfukoni kile kibanio alichokuwa amekishika. Kisha akaanza kubandua vibanio. Hakusema samahani, katika ndoa yao samahani ilikuwa kitendo, na kwa Usicheke hapakuwa na kitendo kikubwa kuliko kulishusha shuka mchana kweupe. Alitoa kibanio cha tatu, akakibana kwenye ukosi wa shati ili kisipotee. Akatoa cha pili, akakibana kwenye ukosi. Alipogusa cha kwanza, upepo ukaja.

Shuka lililoloa lilimpiga usoni kwa sauti iliyosikika hata juu ya ngurumo. Lilimzunguka kichwa, likamzunguka mikono, likajikunja magotini. Akawa kitu kirefu cheupe kinachopepesuka, kamera imetuna tumboni. Mama Kidevu aligeuka kwa kishindo kile. Kile kitu cheupe kilipapasa hewa, kikasalimiana na nguzo ya chuma, kikaiomba radhi. Halafu kutoka ndani, kwa sauti nzito ya kikazi, kwa mazoea ya miaka thelathini na moja, kikasema:

"Mama, usicheke."

Alicheka. Hakutaka, alikuwa na hasira, alikuwa na haki ya hasira yake na alipanga kubaki nayo mpaka nyumbani. Kicheko kilimtoka kama chafya. Miezi saba ya kutocheka ilikuwa nyuma yake. Kilimpinda mgongo, kikamnyima pumzi, akamshika Kofia Pana bega asije akaanguka, na Kofia Pana akaanza naye, na bwana mmoja wa koti la nailoni ambaye hakuona chochote akaanza pia. Mama Kidevu alicheka huku analia, na ndani ya sauti yake mwenyewe alimsikia dada yake waziwazi, hata akafumba macho ili asikie vizuri.

Usicheke alichomoza kichwa. Nywele zilikuwa zimemsimama, vibanio viwili viko shingoni. Alimwona. Hakupima mwanga. Hakuinua kamera mpaka jichoni, hapakuwa na nafasi, mkono mmoja ulikuwa bado umefungwa. Aliibonyeza palepale tumboni ilipokuwa, mara moja tu.

Ndani ya gari palikuwa kimya baada ya kelele zile, masikio yakawa yanavuma. Shuka lilikuwa miguuni mwao, limekunjwa ovyo, linatiririsha maji. Usicheke aliwasha kamera, akaitazama ile picha. Mama Kidevu aliegemea naye akatazama.

Picha ilikuwa imepinda. Maporomoko yalikuwa nyuma, yamelala upande kama yanamwagwa kutoka kwenye ndoo. Mwanamke katikati alikuwa amefumba macho, kichwa amekirusha nyuma, kidevu kinatazama mbinguni. Mdomo uko wazi mpaka pengo la jino la nyuma linaonekana. Kivuli cha chuma kilimkata shavu. Pembe ya shuka iliingia kona ya chini.

"Mbovu?" aliuliza.

"Mbovu sana," alisema Usicheke. "Sikio moja tu. Macho hayapo. Hii wangenirudishia dirishani hata kabla sijaiweka." Na kidole gumba chake, kwa mazoea yake chenyewe, kikatambaa mpaka kwenye kitufe cha kufuta na kukaa juu yake.

Mama Kidevu alikiona. Hakumshika mkono.

Kidole kilikaa pale muda wa kutosha dereva kuwasha gari, kurudi nyuma na kugeuza. Kisha Usicheke akakiondoa, akakikunja ndani ya ngumi, akaiweka ngumi mfukoni kana kwamba hakuiamini.

Walikwenda mwendo mrefu. Maporomoko yalikuwa yamebaki ngurumo ndogo nyuma ya miti ndipo Usicheke alipouliza, bila kumtazama.

"Alikuwa anacheka hivi?"

"Hukumbuki? Si ulikuwa mbele yake? Mara tatu."

Usicheke alikuwa bado ameishika kamera kwa mkono mmoja, kioo chake kimeshazimika.

"Sikumwona," alisema. "Nilikuwa natazama masikio."